Mkalimani Asiyeweza Kuapa

Mfumo wa kusimamia mauzo ni programu inayokusanya mahali pamoja kila anachosema mteja: ujumbe wa simu, oda, malalamiko, ahadi za malipo. Mfumo huo ukipewa uwezo wa kutafsiri wenyewe, ujumbe unaoingia hupitia hatua nne kabla mtu yeyote hajausoma. Kwanza programu hukisia umeandikwa kwa lugha gani. Kisha huugeuza kuwa lugha ya ofisi, mara nyingi Kiingereza. Halafu huubandika alama: hili ni swali, hii ni oda, mteja huyu yuko tayari kununua, yule bado anasitasita. Mwisho huutia katika kumbukumbu za mteja. Kuanzia hapo karani husoma tafsiri, ripoti huhesabu tafsiri, na jibu hujibu tafsiri. Jibu lenyewe hurudi kwa njia ileile, nalo hufika kwa mteja likiwa na maneno ambayo aliyelituma hawezi kuyasoma.

Mafundi huuliza kama tafsiri hiyo ni sahihi, na kwa kiasi gani. Dini na falsafa zina swali la kuanzia nyuma zaidi. Watu wawili wakifikia bei kwa maneno ambayo hakuna hata mmoja wao aliyeyatamka, je, wamekubaliana? Na neno likipotoka njiani, limesemwa na nani?

Mbuzi mmoja, lugha nyingi

Swali hilo si geni Korbesa, katika kaunti ndogo ya Merti, Isiolo, kwenye bonde la mto Ewaso Nyiro ambao wenyeji huuita Waso. Wakazi wake wengi ni Waborana na Waislamu, na riziki yao hutokana na mbuzi, kondoo, ng'ombe na ngamia. Mbuzi anayetoka huko hubadilisha lugha mara kadhaa kabla hajafika sahanini. Mfugaji humtaja kwa Kiborana. Mnunuzi aliyekuja na lori anaweza kuwa Msomali. Isiolo mjini, wanakokutana Waborana, Wasomali, Wameru, Waturkana na Wasamburu, bei hutajwa kwa Kiswahili. Nairobi mbuzi huteremshwa Kiamaiko, kwenye soko na machinjio ya mbuzi ambako Waborana ni wengi, na kutoka hapo nyama huelekea kwenye mahoteli ambayo vitabu vyao huandikwa kwa Kiingereza. Nyama ikivuka bahari kwenda nchi za Ghuba, Kiarabu nacho huingia.

Katika masoko ya mifugo ya kaskazini mwa Kenya, mtu aliyezoea kuziunganisha lugha hizi ni dalali. Kazi yake huonekana kuwa maneno tu: humsikiliza huyu, humgeukia yule, huitaja bei, huirudisha. Lakini dalali hutoa vitu viwili kwa malipo mamoja. Cha kwanza ni ulimi. Cha pili ni dhamana: anamjua muuzaji ni wa ukoo gani, anajua kama mnyama si wa wizi, na mambo yakiharibika ndiye anayetafutwa. Mnunuzi wa mbali humwamini mfugaji asiyemjua kwa sababu kati yao kuna mtu anayejulikana na wote wawili.

Mashine ya kutafsiri huchukua kazi ya kwanza na kuifanya kwa gharama ndogo mno. Ya pili haiigusi. Ugumu wa suala hili umo katika kutenganishwa huko: ulimi umepata mbadala, dhamana imeachwa bila mwenyewe.

Mkalimani katika fikihi

Wanazuoni wa fikihi, yaani sheria ya Kiislamu, walimjadili mkalimani kwa kina karne nyingi kabla ya kompyuta. Chanzo kimojawapo ni habari ya Zaid bin Thabit, iliyopokewa na Abu Daud na Tirmidhi: Mtume alimwamuru ajifunze maandishi ya Mayahudi kwa kuwa hakuwa na imani na wale waliokuwa wakimwandikia na kumsomea barua. Zaid alijifunza kwa muda wa takriban nusu mwezi, akawa ndiye mwandishi na msomaji wa barua hizo. Habari hii inaonyesha kuwa kumpata anayejua lugha hakukutosha. Wenye kuijua lugha walikuwapo tayari. Kilichokosekana ni mwenye kuijua na kuaminika kwa pamoja.

Kutokana na habari kama hiyo lilizuka swali ambalo Bukhari alilitengea mlango katika mkusanyo wake wa hadithi: je, hakimu aridhike na mkalimani mmoja? Jibu lilitegemea neno la mkalimani linahesabiwa kuwa nini. Likiwa ni khabari, yaani taarifa ya mtu mwaminifu kama ile ya kusema wakati wa sala umeingia au maji haya ni safi, mmoja anatosha. Likiwa ni ushahidi, yaani tamko linalomfunga mtu mwingine na kuweza kumwondolea haki yake, basi masharti ya ushahidi yanalihusu: idadi, uadilifu, uwezo wa kuulizwa. Abu Hanifa na mwanafunzi wake Abu Yusuf waliridhika na mmoja. Muhammad bin al-Hasan al-Shaybani, mwanafunzi mwingine wa Abu Hanifa, alitaka wawili. Imamu Shafi, ambaye madhehebu yake ndiyo yaliyoenea zaidi Afrika Mashariki, naye aliiweka tarjuma ya mahakamani upande wa ushahidi, akataka wawili waadilifu. Karne nyingi baadaye Mecelle, sheria ya madai ya dola ya Osmania iliyoandikwa kati ya mwaka 1869 na 1876, iliegemea upande wa Wahanafi: kifungu chake cha 71 kinalikubali neno la mkalimani bila kuliwekea mpaka.

Pande zote mbili zilikubaliana juu ya jambo moja bila kulitaja, kwa kuwa halikuwa na haja ya kutajwa: mkalimani ni mtu mwenye taklifa, yaani anayewajibika mbele ya sheria kwa matendo yake. Anaweza kusema kweli au uongo, kuapa au kukataa kuapa, kusifiwa kwa uadilifu au kukataliwa kwa kukosa uadilifu. Mashine haimo katika mizani hiyo hata kidogo. Haina uadilifu, lakini haina ufasiki pia. Aya ya sita ya Surat al-Hujurat huwaamuru waumini kuichunguza habari iletwayo na fasiki, na habari ya mwadilifu hupokewa kwa heshima yake. Habari isiyo na mletaji haina mahali hapo.

Kwa hiyo tafsiri ya mashine haiwezi kuwa khabari wala ushahidi. Ni chombo, na hukumu yake ni hukumu ya chombo: neno lake ni neno la aliyelitumia. Mtu akiandika kwa kalamu, hakuna anayeishtaki kalamu. Ila kalamu haichagui maneno, na mashine hii huyachagua. Aliyeitumia hubeba maneno asiyoyachagua, na mara nyingi asiyoyaelewa. Hapo ndipo uzito wa amana unapoongezeka badala ya kupungua.

Ridhaa hupita katika maneno

Aya ya 29 ya Surat an-Nisaa imeifanya ridhaa ya pande mbili kuwa mpaka kati ya biashara halali na kula mali kwa batili. Ridhaa ni jambo la moyo, na moyo hauonekani, ndiyo maana mafakihi wakaitafuta dalili yake katika ijabu na kabuli, yaani tamko la kutoa na tamko la kukubali. Katika madhehebu ya Shafi msimamo maarufu ni kwamba biashara huhitaji tamko la pande zote mbili. Madhehebu mengine yanaridhika pia na kupeana tu, mali kwa bei, pasipo kutamka. Kifungu cha 3 cha Mecelle kinasisitiza kwamba katika mikataba kinachozingatiwa ni makusudio na maana, si umbo la maneno. Kanuni hiyo inaweza kuonekana kama ruhusa kwa mashine, kwamba maneno yakibadilika maana ibaki. Lakini inaelekeza pia upande wa pili: ikiwa maana ndiyo inayofunga, basi tafsiri iliyoipoteza maana haikumfunga mtu, hata ingekuwa na maneno mazuri namna gani.

Kuhusu umbali na vyombo, fikihi haikupata shida kubwa. Kifungu cha 69 cha Mecelle kinayahesabu maandishi sawa na mazungumzo. Machi 1990, huko Jeddah, Baraza la Kimataifa la Fikihi ya Kiislamu lilipitisha azimio linalokubali mikataba ya watu walio mbali kwa maandishi, telegramu, teleksi, faksi na kompyuta, ilimradi pendekezo limfikie anayelengwa na alikubali. Sharti ni kufika. Azimio lilichukulia kwamba kilichofika ndicho kilichotumwa. Mfumo unaotafsiri katikati ya safari huvunja dhana hiyo kimyakimya, kwa kuwa pendekezo lililofika limetungwa upya njiani.

Mfano unaoonyesha uzito wa jambo hili katika nchi ya wafugaji ni biashara ya salamu, ambayo mnunuzi hulipa leo na kupokea mali siku ya baadaye. Wahanafi waliikataa salamu ya wanyama kwa hoja kwamba mnyama haelezeki kwa maneno kiasi cha kuondoa ugomvi. Wafuasi wa Shafi waliikubali kwa sharti kwamba mnyama aelezwe kikamilifu: aina yake, umri, dume au jike, rangi. Maneno ya sifa hapo si mapambo ya tangazo. Ni nguzo ya mkataba, na bila hayo biashara huingia katika gharari, yaani utata unaoharibu mkataba. Kiborana, kama lugha nyingine za wafugaji, kina msamiati mpana wa umri, rangi, mabaka na hali ya uzazi ya mifugo. Mashine iliyofundishwa kwa habari za magazeti na maandiko ya dini huweza kuusonga msamiati huo wote katika maneno mawili matatu. Mnunuzi husoma "mbuzi mweusi", akalipa, na sifa iliyokuwa inamtofautisha mnyama yule na kundi zima ikawa imebaki njiani. Tahadhari ya Wahanafi, iliyoonekana kali kupita kiasi, hupata nguvu mpya kila mara lugha ya sifa inapokuwa dhaifu.

Kusema ni kutenda

Falsafa ya lugha imefika karibu na hapo kwa njia yake. Mwingereza J. L. Austin, katika mihadhara aliyoitoa Harvard mwaka 1955 na kuchapishwa mwaka 1962 baada ya kifo chake, alionyesha kwamba maneno mengi hayaelezi jambo, bali hulitenda: kuahidi, kuuza, kukubali, kuapa. Asemaye "nimeuza" chini ya masharti yanayofaa haripoti mauzo, anayafanya. Mwaka 1980 Mmarekani John Searle aliuliza kama mashine inayopanga alama kwa kanuni inaelewa chochote. Alimfikiria mtu aliyefungiwa chumbani, asiyejua Kichina, anayejibu maswali ya Kichina kwa kufuata kitabu cha maelekezo. Walio nje humwona anajua, naye hajui neno. Hoja hiyo imepingwa sana, na mjadala haujafungwa. Lakini biashara haihitaji kungoja ufungwe. Hata ikidhaniwa kwamba mashine inaelewa, kuelewa si kuahidi. Aliyeahidi ni mtu, na mashine imetia mkono katika kitendo chake bila kuwa mmoja wa watendaji.

Neno inshallah laonyesha pengo hilo vizuri. Mfugaji anayeandika "nitaleta mbuzi kumi Ijumaa inshallah" anaweza kuwa anaahidi kwa dhati, akifuata adabu ya aya za 23 na 24 za Surat al-Kahf ya kutotaja la kesho bila kulikabidhi kwa Mungu. Anaweza pia kuwa anakwepa kwa upole. Mafakihi waliiona tofauti hii: neno hilo likitajwa kwa kutabaruku, yaani kutafuta baraka, haliharibu azma, na likikusudiwa kuifungamanisha kauli na sharti lisilojulikana, hulegeza kilichofungwa. Ndiyo maana kiapo kilichounganishwa nalo hakimtii mtu hatiani. Kinachoamua ni niya, na niya hutambulika kwa sauti, kwa desturi, na kwa kumjua msemaji. Mfumo wa mauzo huigeuza kauli hiyo kuwa neno la Kiingereza lenye shaka, kisha humbandika mteja alama ya mtu asiye na uhakika. Mcha Mungu na mkwepaji huingia katika safu moja ya ripoti.

Saa ni mfano mwingine, wa kawaida zaidi. Kwa Mswahili saa mbili asubuhi ni saa mbili tangu kuche, na kwa hesabu ya Kiingereza ni saa nane. Mashine huitafsiri tarakimu, lori hufika muda usio wake, na mnyama aliyefungwa bila malisho hupoteza uzito. Hakuna aliyesema uongo. Hata hivyo mtu amepata hasara, na anatafuta wa kuwajibika.

Hoja ya upande wa mashine

Utetezi wa mashine una uzito. Dalali naye hukosea, na mara nyingine hukosea kwa makusudi: hutaja bei moja kwa muuzaji na nyingine kwa mnunuzi, tofauti ikaingia mfukoni mwake. Mashine haina tamaa, haina ukoo wa kuupendelea, haichoki jioni. Mfugaji wa Korbesa anayeweza kumwandikia mnunuzi wa Kiamaiko au wa Dubai moja kwa moja ameondokewa na mkono mmoja uliokuwa ukichota katika jasho lake. Kwa mizani ya haki hilo ni jema, na kulipuuza kwa jina la mila ni kumtetea mwenye nguvu sokoni.

Lakini kutokuwa na tamaa hakuzai uaminifu. Dalali mwongo anaweza kuitwa mbele ya wazee, akaulizwa, akaapishwa, akaaibika, akarudisha. Kosa lake lina njia ya kurekebishwa kwa sababu lina mwenyewe. Kosa la mashine hurudiwa vilevile kwa kila mteja wa lugha ileile, na hakuna anayeona haya.

Tena makosa hayagawanywi sawasawa. Google iliongeza Kioromo katika huduma yake ya tafsiri Mei 2022, pamoja na lugha nyingine 23, baadhi yake za Afrika, kwa mbinu inayofundisha mashine kutokana na maandishi ya lugha moja pasipo mifano ya tafsiri. Mwaka huohuo Meta ilitoa mfumo wa lugha 200 wenye Kioromo cha magharibi na kati ya Ethiopia. Kiborana cha Waso ni ndugu wa lugha hizo, lakini si zenyewe. Kioromo cha Ethiopia kina vitabu, magazeti na redio kwa alfabeti ya Kilatini iliyopitishwa mwaka 1991. Kiborana cha Isiolo huandikwa zaidi katika ujumbe wa simu, kila mtu kwa tahajia yake, kikichanganywa na Kiswahili na Kiarabu cha dini. Mwenye Kiingereza hutafsiriwa vizuri, mwenye Kiswahili hutafsiriwa kwa wastani, mwenye Kiborana hukisiwa. Surat ar-Rum, aya ya 22, huzihesabu tofauti za ndimi kuwa miongoni mwa ishara za Mungu. Mfumo huzihesabu kuwa viwango vya hasara, na hasara kubwa humwangukia mwenye uwezo mdogo wa kuidai.

Wa kubeba

Kaskazini mwa Kenya sharia na mashine zimeshakutana kwa mafanikio. Mwaka 2013, Takaful Insurance of Africa, kwa ushirikiano na taasisi ya utafiti wa mifugo ya ILRI, ilianza Wajir bima ya mifugo inayofuata misingi ya Kiislamu. Fidia haitegemei mizoga, hutegemea ukavu wa malisho unaosomwa na setilaiti. Setilaiti nayo hukosea: eneo huweza kuonekana kijani ilhali mifugo ya mtu fulani inakufa. Kinachoipa uhalali ni kwamba kipimo kimetajwa ndani ya mkataba, kila upande unajua kitatumika, na kampuni yenye jina inawajibika kwa malipo. Kukosea kwa chombo kumeingizwa katika ridhaa tangu mwanzo.

Tafsiri ya mashine inaweza kuhalalishwa kwa njia hiyo, kwa masharti yanayotokana na hoja zilizotangulia. La kwanza ni kutangaza. Mteja ajue kwamba anayoyasoma yametafsiriwa na mashine, na maneno yake ya asili yahifadhiwe pamoja na tafsiri, ili ukitokea ugomvi asili ndiyo ihukumu. La pili ni kutenga ujumbe wa kuelewana na ujumbe wa kufungana. Kuuliza kama kuna mbuzi, kusalimiana, kueleza barabara imeharibika, hayo yako upande wa khabari, na makosa yake hurekebika kwa swali la pili. Bei, idadi, sifa za mnyama, tarehe na neno la kukubali ni mambo yanayomfunga mtu, na hapo tahadhari ya Imamu Shafi inafaa: asikie mtu mwadilifu anayejua lugha zote mbili, au kila upande urudie kwa maneno yake ulichokielewa, mwingine athibitishe. La tatu ni dhamana. Aliyeuweka mfumo ndiye aliyeuchagua ulimi, kwa hiyo hasara ya tafsiri mbovu isimwangukie mteja ambaye hakuuchagua, na mkataba uliojengwa juu ya tafsiri iliyopotosha nguzo yake uweze kuvunjwa. La nne ni kutomhukumu mtu kwa alama ya mashine. Kifungu cha 35 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 kinampa mtu haki ya kutofungwa na uamuzi mzito uliotolewa na mtambo peke yake. Mteja aliyenyimwa mkopo au oda kwa sababu inshallah yake ilisomwa kuwa shaka anaingia humo.

Masharti haya hayana mahakama ya kidini ya kuyasimamia. Kifungu cha 170 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kimeweka mamlaka ya kadhi katika ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu. Ugomvi wa mauzo huenda kwa mahakama za kawaida au kwa wazee. Kwa mfanyabiashara Mwislamu, hukumu ya fikihi katika jambo hili inabaki kuwa deni la dhamiri, kama lilivyokuwa agizo la aya ya 282 ya Surat al-Baqara kwa mwandishi wa deni: aandike kwa uadilifu, na asiyeweza kuamuru yaandikwe basi msimamizi wake aseme kwa niaba yake kwa haki. Aya hiyo ilimfikiria mdaiwa asiyeweza kujieleza, ikampa mtu wa kumsimamia. Mteja anayeandika kwa lugha ambayo mashine haiijui vyema yuko katika hali hiyohiyo, na msimamizi wake ni yule aliyefaidika na mashine.